Kabla ya kisu, tumtunzie mgonjwa misuli yake

Huku Maore, mtu anapougua muda mrefu na nguo zikaanza kumpwaya, wanaokuja kumjulia hali hutoka nje wakasema kwa sauti ya chini kwamba ugonjwa umemla. Ni usemi wa siku nyingi, na kwa maradhi mengi husemwa kwa mazoea tu. Kwa mgonjwa wa saratani ya kongosho usemi huo ni wa kweli neno kwa neno. Misuli ya mapaja, ya mabega na ya kifua huvunjwa na mwili wenyewe na kuchomwa kama kuni, wiki baada ya wiki, wakati ndugu zake wanahangaika na nauli, rufaa na foleni za vipimo. Siku anapofika mbele ya daktari wa upasuaji, sehemu kubwa ya nguvu ambayo ingemvusha katika upasuaji huo imekwisha kutumika nyumbani.

Tunaiandika habari hii tukiwa watendaji wa kamati ya msikiti. Kazi yetu kwa mgonjwa inajulikana: kukusanya mchango, kutafuta gari la kumteremsha kutoka milimani, kusoma dua, na inapobidi kwenda kupokea jeneza. Sisi si madaktari, na kipimo cha dawa na chakula cha kila mgonjwa anacho daktari wake. Lakini yapo mambo katika maradhi haya ambayo hayasubiri daktari wala hospitali, yako jikoni na uani kwetu, na tumeona ni haki ya familia za Kiislamu kuyajua mapema.

Kongosho ni kiungo chenye urefu wa takriban sentimita 15, kimelala nyuma ya mfuko wa chakula, karibu na uti wa mgongo. Kinafanya kazi mbili. Kinatoa maji yenye vimeng'enya vya kuyeyushia mafuta, protini na wanga katika utumbo, na kinatoa insulini inayosimamia sukari ya damu. Kwa kuwa kimejificha, uvimbe unaoota humo hauonekani wala haupapasiki mapema. Dalili zinapojitokeza huwa hizi: macho kuwa ya manjano, mara nyingi bila maumivu, mkojo wenye rangi ya chai ya rangi, kinyesi kupauka kama udongo mweupe, mwili kuwasha, maumivu ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni, kisukari kinachozuka ghafla kwa mtu mzima ambaye hakuwa nacho, na kukonda. Kukonda mara nyingi hutangulia mengine yote, na ndiko kunakopuuzwa zaidi. Jirani mmoja hunong'ona kuwa ni UKIMWI, mwingine hutaja husuda na uchawi, na miezi mitatu au minne hupotea katika vibanda vya waganga. Kisha ndipo huanza safari ya barabara ya Kisiwani hadi Same mjini, na kutoka Same zaidi ya kilomita 100 hadi Moshi, katika Hospitali ya KCMC, ambayo imekuwa ikipokea wagonjwa wa kanda hii tangu mwaka 1971.

Hesabu za dunia zinatisha, na hatuoni faida ya kuzificha. Mwaka 2022 waligunduliwa watu zaidi ya 510,000 wenye saratani ya kongosho, na katika mwaka huohuo walikufa kwa maradhi hayo zaidi ya 467,000. Idadi mbili hizo kukaribiana namna hiyo kunajieleza. Katika kila wagonjwa 100 wanaogunduliwa, ni 15 hadi 20 tu ambao uvimbe wao hukutwa katika hali inayoruhusu kukatwa na kuondolewa. Hao wachache ndio wenye matumaini makubwa zaidi, na kwa hiyo ni hasara ya kusikitisha sana mmoja wao anapokosa upasuaji, au anapofanyiwa kisha asiinuke, kwa sababu tu mwili wake ulifika umekwisha.

Lazima tuongeze kwamba saratani ya kongosho si ile inayosikika zaidi katika milima ya Upare. Inayosikika zaidi ni saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ukanda wa Afrika Mashariki unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya na Tanzania hadi Malawi, unajulikana na watafiti kwa wingi wa maradhi hayo, na KCMC ni mojawapo ya mahali palipofanyiwa utafiti huo. Mgonjwa wa umio naye hukonda kwa kasi, kwa kuwa chakula hakipiti. Aliye na mgonjwa wa namna hiyo nyumbani asione kwamba makala haya hayamhusu. Mengi yatakayosemwa hapa kuhusu misuli yanamgusa.

Upasuaji wa kichwa cha kongosho ni miongoni mwa upasuaji mkubwa kuliko wote wa tumbo. Mjerumani Walther Kausch aliufanya mwaka 1909, na Mmarekani Allen Whipple wa New York akaueneza kuanzia mwaka 1935, ndiyo maana hospitalini hadi leo unaitwa kwa jina la Whipple. Daktari huondoa kichwa cha kongosho, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, mfuko wa nyongo na sehemu ya mrija wake, na mara nyingine kipande cha mfuko wa chakula. Baada ya hapo huunganisha upya kongosho lililobaki, mrija wa nyongo na tumbo kwenye utumbo. Ni kazi ya saa nyingi, mara nyingi saa nne hadi saba. Jambo moja katika historia hiyo limetuvutia: mwanzoni Whipple aliufanya upasuaji wake kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza ilikuwa ya kuipa nyongo njia ya kupita, kisha mgonjwa aliyekuwa na manjano na amekonda akapewa muda wa kujijenga kabla ya kurudishwa mezani. Zaidi ya miaka 80 iliyopita, tena bila mashine tulizo nazo leo, mabingwa walikwisha kuona kwamba kisu humjia vizuri mtu ambaye mwili wake una kitu cha kutoa.

Kitu chenyewe ni misuli. Watu wengi hudhani kazi ya misuli ni kubeba na kulima tu. Misuli ni ghala la protini la mwili mzima. Kidonda kinapotakiwa kuziba, protini ya kuzibia hutoka humo. Askari wa damu wanaopigana na vijidudu hulishwa kutoka humo. Mgonjwa anapotakiwa kukohoa ili kutoa makohozi baada ya saa nyingi za usingizi wa dawa, anayekohoa ni msuli wa kiwambo na misuli ya katikati ya mbavu. Aliyepoteza misuli hiyo hukohoa kwa udhaifu, makohozi hubaki, na homa ya mapafu huingia. Mshono wa kongosho, ambao hata kwa mtu mwenye nguvu ni mshono mgumu na unaweza kuvuja, unahitaji mwili ulio na akiba ya kuhimili siku za homa na njaa.

Upungufu huu wa misuli wataalamu wanauita sakopenia, neno lililoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1980 kutokana na maneno mawili ya Kiyunani, nyama na umaskini. Umaskini wa nyama ya mwili. Njia mojawapo ya kuupima ni picha ileile ya CT ambayo mgonjwa wa kongosho amekwisha kuipiga ili uvimbe uonekane. Mtaalamu huchukua picha ya usawa wa pingili ya tatu ya kiuno na kupima eneo la misuli iliyozunguka hapo. Tafiti nyingi za nchi mbalimbali zimelinganisha kipimo hicho na hatima ya wagonjwa. Kuhusu matatizo ya siku za mwanzo baada ya upasuaji matokeo hayafanani yote. Kuhusu muda wa kuishi, kwa jumla yanaelekea upande mmoja: mwenye misuli kidogo huishi muda mfupi zaidi kuliko mwenzake mwenye uvimbe kama wake na misuli mingi. Na si lazima awe anaonekana amekonda. Yuko mtu mwenye kitambi ambaye chini ya mafuta yake misuli imeyeyuka, na familia yake inajipa moyo kwamba mzee bado ana mwili.

Kwa nini kongosho linakula misuli kuliko viungo vingine vingi vinavyopatwa na saratani? Sababu ni kadhaa na zinashikana. Uvimbe huwasha ndani ya mwili hali kama ya moto wa kichinichini, na moto huo huvunja misuli hata mgonjwa akiwa amelala. Njia ya vimeng'enya ikiziba, chakula anachokila hakiyeyuki. Mafuta hutoka jinsi yalivyoingia, na kinyesi huelea, hung'aa na kunuka kuliko kawaida. Insulini ikipungua, sukari huzunguka katika damu bila kuingia panapotakiwa. Hamu ya kula hukatika, ladha hubadilika, tumbo hujaa baada ya matonge mawili. Hali hii yote kwa pamoja huitwa kakeksia. Mwaka 2011 jopo la mabingwa wa kimataifa walikubaliana alama yake mojawapo: kupoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito katika miezi sita bila kukusudia. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni kilo 3 tu. Pete inayocheza kidoleni na mkanda uliosogea matundu mawili ni habari ya kupelekwa kwa daktari.

Hapa tuwe wakweli, kwa maana wapo wanaouza unga na asali mitaani wakidai kwamba vinarudisha mwili wa mgonjwa wa saratani kwa siku saba. Mabingwa hao wa mwaka 2011 walisema pia kwamba kakeksia haiwezi kurudishwa nyuma kikamilifu kwa chakula peke yake. Kinachowezekana, na ndicho tunachokipigania, ni kuipunguza kasi katika zile wiki chache kabla ya upasuaji na zile zinazofuata, na wakati huohuo kuzibua nyongo, kutuliza maumivu, kutibu sukari na kumpa vimeng'enya anavyovikosa. Mke au binti ambaye mgonjwa wake ameendelea kukonda licha ya juhudi zake zote asijilaumu wala asilaumiwe na mawifi.

Sasa tuingie jikoni. Miongozo ya lishe ya wagonjwa wa saratani na wa upasuaji inayotumika Ulaya inataja gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito. Kwa mgonjwa wa kilo 60 ni gramu 72 hadi 90. Tazama anachopewa katika nyumba zetu nyingi, tena kwa mapenzi makubwa: asubuhi chai ya rangi na muhogo, mchana wali wa mpunga wetu na mchicha, jioni uji mwepesi wa mahindi wenye sukari. Kwa kiasi kidogo anachoweza kukimeza, siku nzima hiyo haifikii hata nusu ya protini inayotakiwa. Tumbo limejaa maji na wanga, na ghala linaendelea kuporwa.

Kuliziba pengo hilo hakuhitaji makopo ya dukani. Yai moja lina takriban gramu 6 za protini, glasi ya maziwa gramu 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu 15, kipande cha samaki cha gramu 100 kiasi cha gramu 20. Mayai matatu, glasi mbili za maziwa au mtindi, kikombe cha maharage na kipande cha perege wa Nyumba ya Mungu ni gramu 69, na chakula kingine cha siku kinajazia. Makande, ambayo Mpare hahitaji kufundishwa, ni chakula chema yakipikwa hadi yalainike kabisa na kupondwa, kisha yakatolewa kidogokidogo, maana maharage mengi kwa mkupuo hujaza gesi. Uji upikwe kwa maziwa badala ya maji na kutiwa karanga zilizosagwa. Karanga zenyewe ziwe kavu, zisizo na ukungu, kwa sababu sumukuvu ina madhara makubwa kwenye ini. Mwenye kumpikia mgonjwa uji asione ni chakula cha kimaskini: wasomaji wanaofuatilia hadithi wanaujua uji wa talbina ambao Bibi Aisha (Radhiya Allahu anha) alikuwa akiwaagizia wagonjwa na wafiwa.

Namna ya kula nayo ina uzito wake. Sahani kubwa humkatisha tamaa mgonjwa kabla hajaonja. Milo midogo sita au zaidi kwa siku, kila baada ya saa mbili au tatu, humfaa zaidi, akianza na yai au samaki na kumalizia na wali, na maji ya kunywa yafuate baada ya chakula ili yasimalize nafasi tumboni. Mwenye kisukari awe na mpango wa daktari. Na kwa wageni tuna ombi. Desturi yetu ya kumtembelea mgonjwa ni ibada na hatutaki ipungue, ila mfuko wa sukari, soda na biskuti ambao umekuwa kama kadi ya kuingilia mlangoni haumsaidii mgonjwa huyu, na akiwa na sukari unaweza kumdhuru. Trei ya mayai, lita ya maziwa au kuku aliyekwisha kuchinjwa na kusafishwa ni zawadi itakayofika kwenye misuli yake. Kamati za misikiti zinapoitisha mchango wa matibabu zihesabu pia chakula cha mgonjwa cha mwezi mmoja kabla ya tarehe ya upasuaji, kama zinavyohesabu nauli na damu. Miongozo hiyohiyo inasema mgonjwa aliyedhoofika sana alishwe kwa siku 7 hadi 14 kwanza, hata ikibidi upasuaji wa saratani usubiri. Kwa hiyo daktari akisema aahirishe wiki mbili ili mzee ale, asidhaniwe kuwa anamkimbia mgonjwa au anatafuta kitu kidogo.

Linafuata suala la kulala. Mgeni akiingia, mgonjwa akajaribu kuinuka, sote husema kwa pamoja: "Mzee wangu, usijisumbue, pumzika tu." Neno hili la upole lina gharama. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha habari za wazee wenye afya njema, wasio na maradhi yoyote makubwa, waliokubali kukaa kitandani siku 10 mfululizo. Walipoteza takriban kilo moja ya misuli ya miguuni. Siku 10! Kwa mgonjwa ambaye saratani nayo inamla, kitanda kinaongeza mlaji wa pili. Ikiwa daktari hakumkataza, mgonjwa anayesubiri upasuaji atembee kila siku, mara mbili tatu, hata kama ni kuzunguka uani akiwa ameshika mkono wa mjukuu. Asimame na kuketi kwenye kiti mara kadhaa, anyanyue chupa za maji za nusu lita akiwa amekaa. Misuli hujengwa na chakula pamoja na kazi. Chakula bila kazi huishia kuwa mafuta, na kazi bila chakula humaliza kilichobaki.

Kiti hichohicho ni kipimo. Mwambie mgonjwa akunje mikono kifuani, asimame na kuketi mara tano bila kujishika. Ikimchukua zaidi ya sekunde 15, au akashindwa, ni dalili kwamba nguvu ya misuli imepungua, na daktari aambiwe kabla ya tarehe ya upasuaji kupangwa. Awepo mtu mzima wa kusimama karibu asije akaanguka.

Tumeulizwa na baadhi ya wazee kuhusu swala. Sharia imemruhusu mgonjwa asiyeweza kusimama asali akiwa amekaa, na asiyeweza kukaa asali akiwa amelala kwa ubavu. Ruhusa hiyo ni rehma, na aliyepasuliwa tumbo aichukue bila wasiwasi wowote, asijilazimishe kusujudu mshono ukiwa mbichi. Lakini mwenye uwezo wa kutembea hadi bomba la udhu na kurudi, mara tano kwa siku, asizuiwe na wanawe kwa kuletewa maji kitandani. Hatua hizo zinamjenga.

Funga nayo huleta mvutano katika nyumba nyingi. Mgonjwa amebakiza wiki tatu kwenda kupasuliwa, mwezi wa Ramadhani umeandama, na mwenyewe anasema akifa afe akiwa amefunga. Nia yake tunaiheshimu. Hata hivyo aya za Suratul Baqara zilizoifaradhisha funga ndizo zilizomtoa mgonjwa, kwa kumpa siku nyingine au, kwa asiyetarajia kupona, fidia ya kulisha maskini. Mwenye saratani ya kongosho anayekaa saa 13 bila chakula anapoteza kile ambacho daftari lake la hospitali linasema hakimtoshi hata akila mchana kutwa. Imamu wa mtaa aende kumweleza yeye mwenyewe. Mara nyingi neno lake linakubalika pale ambapo la mtoto limekataliwa.

Kuna na funga ya pili, ya hospitalini. Mgonjwa huambiwa asile tangu jioni kwa ajili ya kipimo cha kesho, kesho foleni inakuwa ndefu, saa nane mchana anaambiwa arudi siku inayofuata, na jioni ile anaanza tena kutokula. Kwa siku mbili tatu za namna hiyo mtu mdhaifu hurudi nyuma sana. Miongozo ya leo kwa wagonjwa wengi inaruhusu chakula hadi saa sita kabla ya dawa ya usingizi, na maji matupu hadi saa mbili kabla, isipokuwa kwa wale ambao tumbo lao limeziba au daktari ana sababu nyingine. Ndugu anayemwuguza ana haki ya kuuliza kwa adabu: "Daktari, ale hadi saa ngapi, na ikiahirishwa aanze kula saa ngapi?" Mara nyingine swali hilo moja huokoa milo mitatu.

Tumefika kwenye jambo ambalo hatuoni likizungumzwa waziwazi, nalo linazihusu familia za Kiislamu moja kwa moja. Baada ya kichwa cha kongosho kuondolewa, wagonjwa wengi huhitaji vidonge vya vimeng'enya katika kila mlo, wengine maisha yao yote. Bila hivyo nyama, mayai na maziwa yote tuliyoyataja hupita tu tumboni. Vidonge hivyo, vinavyoandikwa pankreatini, karibu vyote vilivyoko sokoni duniani hutengenezwa kwa kongosho la nguruwe. Matokeo yake ni mgonjwa anayesoma karatasi ya dawa, akashtuka, akaacha kimyakimya, na kila akienda kliniki anasema anavimeza. Uzito unashuka, daktari anaongeza dozi ya dawa isiyomezwa, na hakuna anayejua kinachoendelea.

Sisi hatutoi fatwa katika ukurasa wa gazeti. Tunachokijua, na kinachofundishwa katika vyuo vyetu vya dini, ni kwamba Qur'ani katika kutaja vilivyoharamishwa, nguruwe akiwamo, imemtaja pia aliyelazimika asiyependa wala kuvuka mipaka, na kwamba juu ya msingi huo wanazuoni wengi wameiruhusu dawa yenye asili ya haramu pale inapothibitika kuwa inahitajika, hakuna mbadala halali unaopatikana, na mwenye kuthibitisha ni mtabibu mwaminifu na mjuzi. Wako waliosema zaidi ya hapo, kwamba kilichogeuzwa hali yake kabisa viwandani kimebadilika hukumu, na wako wasiokubali kauli hiyo. Mgonjwa amwulize sheikh anayemwamini kabla ya upasuaji, akiwa na karatasi ya dawa mkononi, na daktari aelezwe bila haya kwamba suala hilo lipo ili atazame kama kuna mbadala. Akishaamua kuvitumia avitumie sawasawa: vimezwe pamoja na matonge ya mwanzo, vinywewe kwa maji ya baridi na si chai ya moto, na visitafunwe. Kidonge kinachomezwa saa moja baada ya chakula ni pesa iliyotupwa.

Wako watakaosoma haya ilhali mgonjwa wao ameambiwa kwamba uvimbe umekwisha kusambaa na haukatiki. Kwao kipimo ni kingine. Kwa muda anaoweza kula na kutembea, yote tuliyoyasema kuhusu mayai, uani na vidonge yanamsaidia awe na nguvu za kupokea dawa, kukaa na wanawe, kwenda mwenyewe chooni. Lakini hufika siku ambazo mwili unakataa chakula kwa kuwa unaaga. Kumshindilia uji mtu aliyefikia hapo, kwa hofu ya kusemwa na majirani kwamba hakulishwa, kunamtesa na huenda kukampalia. Midomo ilowanishwe, maumivu yatulizwe kwa dawa za hospitali, watu wapungue chumbani, na aliye karibu naye amkumbushe shahada kwa upole.

Kwa wale wenye nafasi ya kupasuliwa, familia nyingi hulalamikia rufaa: kwa nini Moshi, au Muhimbili, wakati Same kuna hospitali na kwetu Gonja ipo nyingine? Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002 uliolinganisha hospitali kwa idadi ya upasuaji wa kongosho zinaoufanya ulikuta kwamba katika zile zinazoufanya kwa nadra sana vifo vilikuwa asilimia 16.3, na katika zile zinazoufanya mara nyingi zaidi asilimia 3.8. Daktari wa wilaya anayeandika rufaa mapema anamtendea mgonjwa wake wema. Wiki za kusubiri tarehe huko ndizo wiki za kula na kutembea.

Akirudi Maore salama, inshaAllah, kazi huendelea kwa miezi. Apimwe uzito kila wiki kwa mizani ileile, saa ileile, akiwa na nguo nyepesi, na namba iandikwe katika daftari lake la kliniki. Akishuka kilo mbili ndani ya mwezi, macho yakirudi manjano, kinyesi kikianza kuelea na kung'aa, homa ikipanda au kiu na mkojo vikizidi, asisubiri tarehe ya kliniki. Kwa walio karibu nasi, mizani ya kusimama sasa ipo katika chumba cha madrasa kando ya msikiti. Hutolewa kila Alhamisi baada ya swala ya Alasiri, kwa wanaume upande wa mbele na kwa akina mama upande wa nyuma, na hakuna anayeulizwa dini yake wala ugonjwa wake.